Wasomaji Wauliza: Hisa za Safaricom, faida mbili za mwaka mmoja na mzigo wa Ethiopia

Mhariri, kwa mwaka ulioishia Machi 2025 gazeti moja liliandika kwamba Safaricom ilipata faida ya shilingi bilioni 45.8. Jingine likasema bilioni 69.8. Mimi nina hisa zangu tangu zamani, nishike ipi?
*Msomaji, Mombasa*

Zote mbili ni za kweli na zimo katika ripoti moja. Bilioni 45.8 ni faida ya kundi zima baada ya kodi, Kenya na Ethiopia kwa pamoja, hasara yote ya Ethiopia ikiwa imeshakatwa. Lakini kampuni ya Ethiopia si ya Safaricom peke yake. Safaricom inamiliki zaidi kidogo ya nusu. Waliobaki ni Vodacom ya Afrika Kusini, Sumitomo ya Japani, British International Investment ya Uingereza na IFC, tawi la Benki ya Dunia. Hasara inapogawanywa nao hubeba fungu lao, na mwaka huo fungu hilo lilikuwa kama bilioni 24. Ukilirudisha unapata bilioni 69.8. Hiyo ndiyo faida inayomhusu mwenye hisa za Safaricom, kwa hiyo wewe shika hiyo.

Sasa igawanye kwa hisa zote za kampuni, ambazo ni kama bilioni 40.07. Utapata shilingi 1.74 kwa kila hisa. Mgao wa mwaka huo, yaani sehemu ya faida wanayolipwa wenye hisa, ulikuwa shilingi 1.20 kwa hisa: senti 55 za katikati ya mwaka na senti 65 za mwisho. Kampuni ilitoa karibu asilimia 69 ya faida ya wanahisa wake.

Wapo wanaozidisha 1.20 kwa hisa zote, wakapata bilioni 48.1, wakaona imezidi zile bilioni 45.8, kisha wakapiga mbiu kwamba kampuni inagawa hela isiyo nayo. Wamechanganya namba mbili ambazo hazipaswi kukutana: wamelinganisha mgao wa wanahisa wa Safaricom na faida iliyokatwa hasara ya watu wengine. Ukitaka kujua kama mgao una msingi, fungua ukurasa wa mtiririko wa fedha taslimu. Chukua fedha zilizotokana na shughuli, toa zilizotumika kwa minara na mitambo, toa riba na ada za leseni, halafu linganisha kilichobaki na mgao. Kama mkopo unaongezeka kila mwaka huku mgao ukibaki palepale, hapo ndipo pa kuanza kuuliza maswali.

Shilingi 1.74 ina kazi nyingine pia. Agosti 2021 hisa moja ilifika karibu shilingi 45, wakati faida kwa kila hisa ya mwaka uliotangulia ilikuwa 1.71. Mnunuzi alikuwa akilipa faida ya miaka 26 kwa mkupuo. Kufikia mwisho wa 2023 bei ilikuwa chini ya 15, na mwaka wa fedha uliofungwa Machi 2024 ulileta faida ya 1.57 kwa hisa: faida ya miaka isiyofika kumi. Faida ilipungua kidogo, bei ikaanguka kwa theluthi mbili na zaidi. Waliokimbia walikuwa wawekezaji wa nje: riba za Marekani zilipanda, dola zikaadimika Nairobi, na shilingi ikadhoofika hadi karibu 160 kwa dola Januari 2024. Februari mwaka huohuo serikali ilitoa hati fungani ya miundombinu, yaani ilikopa kwa umma, yenye riba ya asilimia 18.46 isiyokatwa kodi. Nani angebaki na hisa ya mgao wa asilimia nane? Benki Kuu ilipoanza kushusha riba yake Agosti 2024, hesabu ikageuka na wanunuzi wakarejea.

Ethiopia itaacha lini kula faida ya Kenya? Kila mwaka tunaambiwa tungoje.
*Msomaji, Nakuru*

Uongozi umelenga mwaka unaoishia Machi 2027 kwa Ethiopia kufikia usawa, tena kabla ya kuhesabu riba, kodi na uchakavu wa mitambo. Shika hayo maneno ya mwisho. Kufika hapo maana yake ni kwamba mauzo yanalipia mishahara, umeme, dizeli na kodi za minara. Mitambo yenyewe na mikopo bado havijalipiwa. Faida kamili itachukua muda zaidi, na mtu anayenunua leo akitarajia mgao kutoka Addis Ababa ajiandae kwa safari ndefu.

Chanzo cha uzito ni hiki. Leseni ya mwaka 2021 iligharimu dola milioni 850, na ya kuendesha M-PESA dola nyingine milioni 150. Vifaa hununuliwa kwa dola. Lakini mteja hulipa kwa birr, sarafu ya huko, na tarehe 29 Julai 2024 serikali ya Ethiopia iliiachia birr ijitafutie bei sokoni. Ilitoka kwenye kama 57 kwa dola ikapita 120 kabla ya mwaka kwisha. Deni la dola likawa zaidi ya mara mbili kwa hesabu ya birr, na mapato yaleyale ya birr yakapungua kwa zaidi ya nusu yalipobadilishwa kuwa shilingi. Hakuna meneja ambaye angeweza kuzuia hilo.

Kwenye ripoti za Mei na Novemba angalia vitu vitatu. Kwanza, mapato kwa mteja mmoja kwa mwezi yakiwa katika birr: yakikua kwa kasi ndogo kuliko mfumuko wa bei wa Ethiopia, wateja wengi hawasaidii. Pili, fedha zinazotumika kujenga mtandao. Zinapaswa kupungua kila mwaka, kwa kuwa kazi kubwa ya kusimamisha minara ilikuwa ya miaka ya mwanzo. Tatu, matumizi ya M-PESA huko. Nchini Kenya M-PESA ndiyo mhimili, ikiwa imeingiza shilingi bilioni 161.1 katika mwaka wa Machi 2025, zaidi ya asilimia 43 ya mapato ya huduma ya kundi. Ethiopia ilichelewa: M-PESA ilianza Agosti 2023, wakati Ethio Telecom, kampuni ya simu ya serikali, ilikuwa imeanzisha telebirr, huduma yake ya pesa za simu, tangu Mei 2021 na tayari ilikuwa na wateja wa simu nchi nzima. Safaricom Ethiopia hupata sehemu kubwa ya mapato kwa data, na data peke yake hailipi kama pesa za simu.

Tahadhari moja zaidi: katika ripoti za miaka ya karibuni Ethiopia ilihesabiwa kwa kanuni za nchi yenye mfumuko mkali wa bei, na marekebisho yake huongeza au kupunguza faida kwenye karatasi bila shilingi kuingia wala kutoka. Kampuni ilionyesha namba zikiwa na marekebisho hayo na zikiwa bila. Linganisha zilizo bila.

Nataka kuanza na hisa 200. Nifuate hatua gani, na wapi watu huanguka?
*Msomaji, Kisumu*

Mwendee dalali wa hisa aliyeidhinishwa na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji ukiwa na kitambulisho, PIN ya KRA, picha na namba ya akaunti ya benki. Atakufungulia akaunti ya CDS, ambako hisa zako huwekwa kielektroniki. Hakikisha majina yamefuatana sawasawa katika kitambulisho, PIN na benki. Herufi moja ikipotea, mgao utarudi ulikotoka.

Tuma fedha kwa akaunti ya kampuni ya dalali, kamwe si kwa simu ya mfanyakazi wake. Kisha toa agizo lenye kikomo cha bei: "hisa 200, zisizidi shilingi 30." Agizo lisilo na kikomo hununua kwa bei yoyote iliyopo, na siku ya matangazo hisa inaweza kuruka hadi asilimia 10 kabla ya kuzuiwa na sheria za soko. Biashara hukamilika baada ya siku tatu za kazi.

Sasa hesabu inayowaumiza wengi. Chukua bei ya mfano ya shilingi 30: hisa 200 ni 6,000. Ada zote za kununua ni karibu asilimia 2, kwa hiyo 120. Ukiuza kwa bei ileile utalipa nyingine 120. Jumla 240. Mgao wa mwaka mzima, kwa ile 1.20 kwa hisa, ni 240, ukikatwa kodi ya asilimia 5 unabaki na 228. Yaani kuingia na kutoka mara moja kumemeza mgao wa mwaka na zaidi. Anayenunua Jumatatu na kuuza Ijumaa anamfanyia dalali kazi.

Kosa jingine ni kuwinda mgao. Ili jina lako liwemo kwenye daftari la wanahisa siku linapofungwa, kwa kawaida mwisho wa Julai kwa mgao wa mwisho, lazima uwe umenunua siku tatu za kazi kabla. Wanaonunua siku yenyewe hukosa. Na wanaowahi wakauza kesho yake hukuta bei imeshuka kwa kiasi kinachokaribia mgao wenyewe, nao mgao hulipwa Agosti.

Serikali ilitangaza Desemba 2025 kuiuzia Vodacom asilimia 15 kwa shilingi 34 kwa hisa. Je, nasi wadogo tutapewa 34?
*Msomaji, Nyeri*

Usiingize 34 kwenye mipango yako. Huo ni mkataba wa wawili nje ya soko: takriban hisa bilioni 6, thamani ya shilingi bilioni 204.3. Kwa kawaida anayechukua udhibiti wa kampuni hutakiwa kuwapa ofa wenye hisa wote, ila mpango huu ulitangazwa ukiambatana na ombi la kusamehewa sharti hilo. Bei ya 34 ina nyongeza ya udhibiti ndani yake. Vodacom, ikiunganisha na asilimia 5 za mzazi wake Vodafone, ililenga kufika asilimia 55. Hisa zako chache hazimpi mtu udhibiti wowote.

Zile bilioni 40.2 ambazo Vodacom iliahidi kuitangulizia serikali dhidi ya mgao wa miaka ijayo nazo zimewatia watu hofu bure. Hazitoki kwenye sanduku la Safaricom. Ni mgao wa baadaye wa serikali peke yake unaouzwa. La kufuatilia ni sera: mmiliki mwenye zaidi ya nusu anaweza kuongeza mgao ili arudishe fedha zake, au kuupunguza ili ajenge. Mabadiliko yoyote utayaona kwanza kwenye tangazo la Mei.

Mimi ni Mtanzania. Ni bora Safaricom ya Nairobi au Vodacom Tanzania ya hapa Dar?
*Msomaji, Tanga*

Ni kampuni mbili tofauti zenye mwenye hisa mkubwa mmoja, Vodacom, ndugu yetu. Vodacom Tanzania iliingia Soko la Hisa la Dar es Salaam Agosti 2017 kwa shilingi 850 za Tanzania kwa hisa, na M-PESA yake ina washindani wenye nguvu ambao M-PESA ya Kenya haina. Tozo za miamala zilizoanza Julai 2021 zilipunguza miamala, na mwaka huo wa fedha kampuni ikafunga kwa hasara. Kenya nayo ilipandisha ushuru wa ada za kutuma pesa kutoka asilimia 12 hadi 15 mwaka 2023, lakini miamala haikuanguka vile. Kwa maoni yetu hiyo ndiyo hatari kubwa ya hisa hizi zote mbili, kuliko Starlink, ile intaneti ya setilaiti, au mshindani yeyote: siku ya bajeti. Soma mswada wa fedha wa kila mwaka kabla ya kuongeza hisa.

Ukinunua Nairobi, raia wa Afrika Mashariki hukatwa asilimia 5 ya mgao, si 15 anayokatwa mgeni asiye mkazi. Mwambie dalali aandike uraia wako sawasawa tangu siku ya kufungua akaunti. Kisha kumbuka unashika shilingi ya Kenya. Mgao wa asilimia nne unaweza kuliwa wote na kubadilisha fedha mara mbili, kwa hiyo kwa mtaji mdogo anza na Dar.