Kumvua Samaki Kisha Kumrudisha Majini: Je, Ujira wa Nahodha wa Boti Naivasha ni Halali?

SWALI

Assalaam alaykum shekhe. Mimi ni kijana wa Naivasha, nina mke na watoto wawili. Baada ya kupunguzwa kazi kwenye shamba la maua naendesha boti ya tajiri mmoja, nawapeleka wageni ziwani kuvua besi, yule samaki wa mdomo mpana. Wengi wao hawamli. Wanamvuta, wanapiga naye picha, wanamrudisha majini, kisha wanatupa tena ndoana. Ustadhi mmoja mtaani kwetu ameniambia ujira wangu ni haramu, kwa sababu kumwachia samaki aliyekwisha kuvuliwa ni kama wale wanyama walioachwa kwa ajili ya masanamu zama za Jahiliya, tena ni kuitupa riziki. Mwingine akasema kinyume: kumrudisha ni huruma na mgeni anapata thawabu, bora avue mia awarudishe wote kuliko kumla mmoja. Nimebaki njia panda. Nikiacha kazi hii sina nyingine. Nifanyeje?

JIBU

Waalaykumus salaam warahmatullahi wabarakatuh, mwanangu.

Ujira wako ni halali. Nimelitanguliza hilo kwa sababu naona limekukosesha usingizi, na baba wa watoto hafai kungojeshwa hadi mwisho wa jibu ndipo ajue kama chakula alichowapa jana kilikuwa safi. Umeajiriwa kuendesha boti, kuusoma upepo, kujua samaki wanajificha kwenye mafunjo yapi, na kumrudisha mgeni nchi kavu salama. Hayo ni manufaa ya halali. Uvuvi wenyewe umehalalishwa katika Suratul Maida, aya ya 96, na maji ya ziwa yanaingia humo pamoja na ya bahari. Nia ya mgeni ni ya mgeni.

Ila ujira kuwa halali hakuhalalishi kila linalotendeka ndani ya boti. Hapo ndipo penye kazi.

Ustadhi wako hakusema ovyo. Mas-ala haya yamo katika vitabu vya madhehebu yetu ya Shafi. Imam Nawawi ametaja katika Minhaj kwamba mtu akiliachia windo alilolimiliki, umiliki wake hauondoki kwa kauli iliyo sahihi zaidi, na waliokisherehesha kitabu hicho wakasema haifai kuliachia kwa kuwa kunafanana na saaiba, wale ngamia walioachwa huru kwa ajili ya masanamu, jambo ambalo Allah amelikataa katika aya ya 103 ya Suratul Maida. Lakini ustadhi ameuchukua mwanzo wa mas-ala akauacha mwisho wake. Maulamaa hao hao wamesema mwenye kuachia akimhalalishia yeyote atakayelipata, aliyelipata anakula bila tatizo. Tena wameitoa katika katazo hilo hali ya mnyama ambaye makinda yake yatakufa akizuiliwa, huyo huachiwa. Na katika Sunan Abi Dawud, kwa mapokezi ya Ibn Mas'ud, Masahaba walichukua makinda mawili ya ndege, mama yao akaja akirukaruka juu yao, Mtume (S.A.W.) akauliza ni nani aliyemhuzunisha ndege huyu kwa watoto wake, akaamuru warudishwe. Basi kuachia kwa sababu ya haki si saaiba. Waliofanya saaiba walijiharamishia alichohalalisha Allah wakakiita ibada. Mvuvi anayemrudisha samaki mchanga ili akue, au kwa kuwa sheria ya uvuvi imekataza ukubwa ule, hajafanya lolote kati ya hayo.

Kauli ya pili ndiyo iliyonisumbua, kwa sababu ni tamu masikioni na imeenea. Wanasema: mimi sili, sidhuru, namrudisha, kwa hiyo niko katika huruma.

Huruma iko wapi, ndugu zangu? Mtu akimsukuma jirani yake kisimani kisha akamtupia kamba, haitwi mwokozi. Samaki alikuwa kwake salama. Aliyemtoa ni wewe, kwa chuma ulichompenyeza mdomoni, na hukumtoa kwa njaa wala kwa biashara wala kwa utafiti, umemtoa ili mkono wako uhisi anavyohangaika. Kumrudisha kunapunguza madhara uliyoyaanzisha. Hakuyafuti, sembuse kuyageuza thawabu. Kinachohitaji sababu ya kisheria ni kule kumvuta. Anayevua mia kwa ajili ya kuwarudisha mia anapaswa kutoa sababu mia.

Imepokewa na Muslim kutoka kwa Ibn Abbas kwamba Mtume (S.A.W.) amekataza kukifanya chenye roho kuwa shabaha. Na Ibn Umar (R.A.) aliwapita vijana wa Kikureshi waliomsimamisha ndege wakimlenga kwa mishale, na walikuwa wamekubaliana na mwenye ndege kwamba kila mshale utakaokosa ni wake. Walipomwona wakatawanyika, naye akasema Allah amlaani aliyefanya hivi. Tazama yaliyomo katika kisa hicho: mchezo, malipo kwa mwenye ndege, na kiumbe anayeumizwa bila haja. Kuna pia Hadithi ya Nasai kutoka kwa Abdullah bin Amr: hakuna anayemuua shomoro au kikubwa kuliko yeye bila haki yake ila Allah atamuuliza, akaulizwa haki yake ni nini, akasema ni kumchinja akamla, si kumkata kichwa akamtupa. Wapo walioitilia shaka sanadi yake, yaani mlolongo wa wapokezi wake, lakini maana yake inaungwa mkono na yaliyotangulia.

Watakujibu kwa Hadithi ya Abu Umayr, yule mtoto aliyekuwa na kindege akicheza naye na Mtume (S.A.W.) asimkataze. Ni Hadithi sahihi, ila haiwafai kitu. Mtoto yule alikuwa akicheza na ndege wake, hakumtoboa mdomo.

Watasema samaki hahisi. Mwangalie basi. Besi akishikwa na ndoana huruka nje ya maji akitikisa kichwa, hukimbilia kwenye magugu, hupigana mpaka misuli yake ijae asidi na mashavu yake yatanuke kwa kutafuta hewa. Mwingine huachiliwa akaogelea vizuri mbele ya macho ya mgeni, akafa saa kadhaa baadaye chini ya mafunjo mahali asipoonekana. Aliyekwanguliwa ute wake hupata ukungu mweupe ubavuni baada ya siku chache. Anayesema "nimemrudisha mzima" anazungumzia dakika moja tu ya mwisho aliyomwona.

Watasema pia kwamba Wamarekani, wenye samaki huyu, ndio waliofundisha kumrudisha. Ni kweli. Ray Scott alianzisha chama cha wavuvi wa besi huko mwaka 1968, na mwaka 1972 mashindano yake yakaanza kuwarudisha samaki majini baada ya kuwapima. Sababu ilikuwa wavuvi wengi na hofu ya kuyamaliza maziwa. Ni mpango wa kuhifadhi, na kama mpango una uzuri wake. Lakini huko huko Marekani, ziwa likijaa besi wadogo wakagombania chakula wakadumaa, wataalamu huwaomba wavuvi wawachukue wadogo wakawale. Yaani wenye mchezo wenyewe wanajua kwamba kuna siku kumla ndiko kulitunza ziwa. Nasi tutaufanyaje urudishaji kuwa ibada?

Tena hapa Naivasha besi ni mgeni. Aliletwa kutoka Marekani miaka ya 1920 ili wazungu wapate mchezo, na kasamaki kadogo ka asili ya ziwa hili kalionekana kwa mara ya mwisho mwaka 1962. Sisemi hivyo ili aonewe, kwani hakujileta mwenyewe. Nasema kwamba hoja ya "tunamhifadhi" haisimami kirahisi hapa kama inavyosimama kwao.

Basi hukumu ni hii. Anayevua ili ale, auze au agawe, uvuvi wake ni mubaha, yaani umeruhusiwa, na akimrudisha mdogo au aliyezidi haja yake amefanya vyema. Kuvua kwa mchezo mtupu ni makuruhu, yaani kunachukiza bila kufikia haramu, na ndiyo kauli ya mwanachuoni Ibn Taymiyya kuhusu uwindaji usio na chochote ila upuuzi. Akizidisha mpaka awe anatesa kwa makusudi, anaingia katika haramu ya kutesa. Na samaki anayeonekana wazi kuwa atakufa, kumtupa ni kupoteza mali, haifai. Huyo ni wa kuliwa.

Sasa wewe na kazi yako. Mgeni akiwa ziwani humsikiliza nahodha kuliko anavyoweza kumsikiliza shekhe, kwa hiyo kuna mengi mkononi mwako. Kabla hamjaondoka gatini muulize kwa adabu: leo tunavua wangapi wa kula? Wakisema watatu, wakipatikana hao watatu wapeleke wakamwone furukombe akivua, na viboko kwa mbali. Wakisema hawali, waombe wa kupeleka kwako au kwa majirani. Watu wengi hukubali kwa furaha, na hapo uvuvi wote umepata sababu.

Vifaa ukivipanga wewe, dhara linapungua nusu ya safari. Tumia chambo bandia chenye ndoana moja, achana na zile zenye matawi matatu ambazo moja hushika mdomo na nyingine ikachoma jicho. Kile kijino cha ndoana kinachorudi nyuma kibane kwa koleo mpaka kilale. Mshipi ukiwa umekazika samaki hatoki, lakini ndoana huchomoka bila kupasua nyama. Mshipi uwe wa nguvu ya kutosha, avutwe upesi. Mshipi mwembamba wa kujitafutia sifa ndio unaomchosha hadi afe. Chambo hai humezwa mpaka kooni, na moyo wa samaki uko pale pale nyuma ya mashavu. Ndoana ikifika huko usiivute. Kama ni mdogo ambaye sheria inataka arudi, kata mshipi karibu na mdomo na umwache. Kama anaruhusiwa kuchukuliwa, huyo mchukue.

Na chura asitumike kabisa. Najua besi humpenda, lakini Mtume (S.A.W.) amekataza kumuua chura, Hadithi iko kwa Abu Dawud, na kumtunga hai kwenye ndoana ni kuua pamoja na kutesa.

Lowesha mikono kabla ya kumgusa. Taulo, mkono mkavu na sakafu ya boti iliyopigwa na jua ndivyo vinavyomwondolea ute unaomkinga. Shika taya ya chini kwa kidole gumba na mkono wa pili uwe chini ya tumbo. Mkubwa usimning'inize kwa taya peke yake, hutenguka, na samaki asiyeweza kufunga mdomo hawezi kula. Kamera iwe tayari yeye akiwa bado majini. Akitoka, zuia pumzi yako. Ukishindwa, naye ameshindwa, mrudishe. Usimrushe. Mshike wima ndani ya maji mpaka mashavu yafunguke na kufunga kwa utulivu, aondoke kwa nguvu zake. Akilala ubavu, au damu ikitoka mashavuni, usijidanganye.

Katika kuchagua wa kula, wachukue wa wastani ambao sheria inaruhusu. Wale wakubwa sana kwa kawaida ni majike yenye mayai mengi. Na ukiona kwenye kina kifupi duara lililosafishwa chini na samaki amelizunguka hataki kuondoka, huyo ni dume analinda kiota. Kwa besi baba ndiye anayelinda mayai na vitoto. Akiondolewa hata kwa dakika chache, samaki wengine na wale kamba wekundu huingia wakala kila kitu. Mpeleke mgeni mbali na hapo. Hii ndiyo hali ile ile ya makinda waliyoitaja maulamaa.

Wa kula mgonge kwa rungu fupi juu ya kichwa, nyuma kidogo ya macho, pigo moja thabiti, kisha mkate mashavu damu itoke na umlaze kwenye barafu. Samaki hahitaji kuchinjwa ili awe halali, ingawa Mashafi wamependekeza achinjwe yule mkubwa ambaye uhai wake hurefuka, apumzike. Kumwacha apapatike kwenye ndoo kavu kunapingana na Hadithi ya Shaddad bin Aws kwamba Allah ameandika wema katika kila jambo. Nyama yake pia huharibika upesi.

Kuna jambo moja ambalo usilitie mkono hata ukiahidiwa bakshishi nono: wageni kuchanga fedha na atakayevua mkubwa kuliko wote achukue. Hiyo ni kamari, aya ya 90 ya Maida. Endesha boti, ila usishike fedha hizo wala usiwe mpima wao.

Halafu swala. Besi hula zaidi alfajiri na jua likizama, nayo ndiyo mida yako ya kazi, na nakuogopea hapo kuliko kwenye ndoana. Mwambie tajiri wako mapema, si siku ya safari. Alfajiri swali kabla ya kuondoka gatini. Magharibi ikikukuta ziwani, sogea ufukweni pasipo na njia ya viboko, dakika kumi zinatosha. Kibla chako hapo ni kaskazini, ukiinamia mashariki kidogo. Wageni wengi watakungoja kwa heshima. Usiposhuka kwa kuogopa viboko, swali ndani ya boti kwa kadiri unavyoweza kusimama, na kama haiwezekani kusimama, keti.

Wallahu aalam.