Papa Wangu Amevimba Ovenini

SWALI: Shangazi, shikamoo. Mwanangu ana miaka sita, na hadithi ya Kima na Papa haimtoki mdomoni. Nilimwahidi mkate wa umbo la Papa. Nilimfinyanga vizuri, pezi likasimama, meno yakaonekana. Kutoka ovenini akawa donge: pezi limelala, uso umefutika. Hamira yangu ni mbovu?
– Mama wa wawili, Tanga

JIBU: Marahaba, mwanangu. Hamira yako nzima kabisa, na imefanya kazi yake. Unga wenye hamira huumuka kila upande, kwa hiyo kila ulichokichora kabla haujaumuka kitamezwa. Mwaka 2022, waokaji wa mji wa Benicia, California, walimtengeneza Han Solo wa filamu za Star Wars kwa mkate, urefu karibu mita 1.8, na sehemu ya unga waliotumia haikuwa na hamira. Ule ulikuwa wa kutazamwa. Wako ni wa kuliwa, kwa hiyo hamira ibaki.

Kanda unga mgumu kidogo: ngano gramu 500, maziwa ya vuguvugu mililita 250, yai moja, sukari gramu 50, siagi gramu 50, hamira kavu gramu 7, chumvi kijiko cha chai. Ukiona mgumu usiongeze maziwa, endelea kukanda mpaka ulainike.

Ukishaumuka, utoe hewa, kisha mlaze Papa ubavu kwenye trei. Hapo ndipo pezi litakapopona! Usilibandike, livute kutoka kwenye unga uleule wa mgongo, nalo lilale kwenye trei pamoja na mwili. Mfanye mwembamba kuliko unavyomtaka, kwa sababu atanenepa. Mkia usiwe kama uzi, utaungua.

Mfunike aumuke tena. Kwa joto la Tanga usitazame saa, bonyeza kwa kidole: alama ikirudi polepole, yuko tayari. Sasa ndipo uchore. Chanja matamvua matano kwa wembe mpya, yaende ndani kabisa. Mdomo ukate kwa mkasi, uache wazi kwa kipande cha foili kilichopakwa mafuta. Jicho ni zabibu kavu, ichimbie mpaka izame nusu. Meno ya vipande vya lozi yasubiri, utayachomeka akishaiva.

Yai la kupaka lipite mgongoni tu. Tumbo likiachwa kavu hubaki jeupe, na hata mtoto aliye mlangoni atajua huyu ni papa. Mimi naiona hatua hii kuwa muhimu kuliko meno yote.

Oka kwa nyuzi 180, dakika 25 hadi 30. Mkia ukianza kukolea rangi, ufunike kwa foili.

Na Kima, je? Papa peke yake hana hadithi. Bakiza donge dogo, umwoke kando, dakika 15 zinamtosha, kisha umgandishe mgongoni kwa shira nzito Papa akishapoa. Tafadhali usimtie Kima tende tumboni iwe moyo wake. Katika hadithi mwenyewe alimwambia Papa ameuacha mtini, na mwanao atakushika palepale. Tende hiyo iweke pembeni ya sahani, juu ya jani. Shira ikishika, mpeleke mezani.