Maua ya Hungaria juu ya sweta: jinsi ya kuyazuia yasikunjamane

Wadarizi wa Kalocsa, mji wa Hungaria, hushona maua yao juu ya pamba au kitani. Wamatyó, jamii ya mji wa Mezőkövesd nchini humo, ambao sanaa yao iliingia katika orodha ya urithi ya UNESCO mwaka 2012, wanajulikana zaidi kwa waridi jekundu juu ya kitambaa cheusi. Vitambaa hivyo vyote havivutiki. Sweta inavutika, uzi wa kudarizi hauvutiki, na hapo ndipo matatizo mengi yanapoanzia.

Kwa hiyo anza na ufumaji. Tumia sufu ya unene wa wastani na sindano za milimita 4, kisha fuma kipande cha majaribio cha sentimita 15 kwa 15. Kifue, kikauke, ndipo uhesabu vitanzi. Ukipata 22 kwa kila sentimita 10, upande wa mbele wenye upana wa sentimita 50 unahitaji vitanzi 110. Ukipata 24 na usibadilishe hesabu, kifua kizima, mbele na nyuma, kitapungua zaidi ya sentimita 8. Usifume kwa kulegeza, maana petali zitazama kwenye matundu.

Darizi kabla ya kuunganisha vipande, lakini baada ya kuvifua na kuvikausha vikiwa vimelazwa. Sufu ikisinyaa ua likiwa limeshashonwa, hakuna pasi itakayolinyoosha.

Kule Kalocsa michoro huchorwa kwa mkono na wanawake mafundi waitwao íróasszony. Juu ya sweta kalamu haishiki vizuri. Chora ua kwenye karatasi nyembamba, lishikize kwa mishono mirefu ya muda, darizi ukipitia juu yake, halafu chana karatasi polepole. Nyuma weka wavu mwembamba wa nailoni, uzidi mchoro kwa sentimita 2 kila upande. Ukimaliza, punguza uliobaki. Usiache kuweka wavu huu hata kama unaona ni usumbufu.

Fremu ya duara ya kubania kitambaa tunashauri uiache kabisa. Inavuta sufu, unashona ikiwa imetanuka, na ukiifungua sweta inarudi huku ua likibaki na mikunjo. Laza kazi mezani.

Kwa petali, zungushia kwanza mshono mdogo wa kurudi nyuma kwenye ukingo, kisha jaza kwa mishono iliyolala sambamba inayoufunika. Ukingo unatoka safi kwa sababu sindano ina mahali pa kuegemea. Mshono mmoja usizidi sentimita 1, la sivyo utanasa kwenye vifungo na pete. Petali kubwa igawe mikanda miwili au mitatu: nyekundu iliyoiva karibu na kiini, kisha nyekundu, kisha rangi ya waridi ukingoni. Mshono wa mkanda unaofuata uanzie katikati ya mishono ya mkanda uliotangulia, si kwenye ncha zake, ili usibaki mfereji. Uzi uwe wa sufu nyembamba, urefu wa sentimita 45 hivi. Mrefu zaidi husuguka na kutoa manyoya. Sindano iwe na ncha kali na tundu kubwa, kwa kuwa butu itapita katikati ya vitanzi na kuupotosha mstari.

Anza na waridi kubwa, fuata maua madogo, majani yawe ya mwisho. Ukianza na majani, utajikuta unalibana ua ili litoshe.

Nyekundu ndiyo inayotia hasara. Kabla ya kushona, lowesha kipande cha uzi, kikunje ndani ya kitambaa cheupe na ukikandamize kwa pasi ya moto. Kikiacha doa, tafuta uzi mwingine. Chumvi na siki hazitakuokoa.

Kufua ni kwa mkono, maji ya uvuguvugu, bila kusugua wala kusokota. Ikandamize ndani ya taulo kutoa maji. Ukipiga pasi, lalisha maua yakitazama chini juu ya taulo nene, pasi iwe ya moto mdogo. Ukiyapiga kwa juu yatabanwa na kupoteza ule mwinuko.