Jiwe lenye macho: maswali yenu kuhusu samaki nge na jamaa zake

Tangu bamvua la mwezi uliopita, zile siku za maji kujaa na kupwa sana, nimepokea maswali mengi kuhusu samaki mmoja tu: yule asiyeonekana mpaka akuchome. Majina yake hubadilika toka bandari moja hadi nyingine, kwa hiyo tuelewane mapema. Ukoo mzima nitauita samaki nge. Yule mnene, mwenye chunusi, anayelala chini kama kipande cha mwamba, nitamwita samaki jiwe. Yule mwenye michirizi na mapezi mapana kama manyoya nitamwita samaki simba. Wote ni ndugu, na wote wako kwenye maji yetu, toka Kilwa hadi mdomo wa Ruvuma.

Shikamoo mwalimu. Sisi ni wachokoa pweza, Msangamkuu. Mwenzetu alikanyaga kitu mwambani akapiga yowe, mguu ukavimba hadi karibu na goti. Wengine walisema akojolewe, wengine wakataka kumfunga kamba. Kipi sahihi?

Marahaba mama, na mpe pole sana mwenzako. Si mkojo wala si kamba. Ni maji ya moto.

Sumu ya samaki hawa ni protini, na protini haiwezani na joto. Umeona ute wa yai unavyobadilika kikaangoni. Mguu uliochomwa utumbukizwe kwenye maji ya joto la nyuzi 42 hadi 45, ukae humo dakika 30 hadi 90, na maji yakipoa yaongezwe. Wachache wetu tuna kipimajoto nyumbani, kwa hiyo pimeni hivi: mtu ambaye hakuumia aingize mkono wake kwanza. Maji yawe ya moto kabisa lakini aweze kuyavumilia bila kuutoa mkono. Asipime mgonjwa. Mguu uliojaa maumivu hautambui moto wa kawaida na moto wa kubabua, na nisingependa apone mwiba aanze kuuguza malengelenge.

Kamba huzuia damu na kuiacha sumu ikitafuna nyama mahali pamoja. Wembe huongeza kidonda. Mafuta ya taa hayafanyi chochote. Kama kipande cha mwiba kinaonekana, kitoeni taratibu, kisha mgonjwa aende zahanati hata kama maumivu yametulia, kwa sababu kipande kingine kinaweza kuwa kimebaki ndani, na sindano ya pepopunda inahitajika. Akiishiwa pumzi, akizimia au akitapika mfululizo, msikae kusubiri maji yachemke. Mkimbizeni hospitali. Dawa ya kuipinga sumu ya samaki jiwe ipo duniani. Ilianza kutolewa Australia mwaka 1959 na hutengenezwa kwa damu ya farasi. Lakini kwa mtu aliye mwambani, dawa ya kwanza ni ile iliyo jikoni.

Hili nililijua kabla sijalisoma popote. Mjomba wangu alichomwa kidole akitoa samaki kwenye dema, ule mtego wa kusuka, Mikindani, nikiwa bado mtoto. Mtu mzima, mvuvi wa miaka mingi, alikuwa akijigaragaza mchangani. Bibi hakusema neno. Alichukua sufuria ya maji aliyokuwa amebandika kwa ajili ya ugali, akayapunguza ukali kwa maji ya mtungi, akaushika mkono wa mjomba akauzamisha. Baada ya muda kelele zikapungua, zikawa kuguna tu. Nimelikumbuka tukio hilo kila nilipofundisha habari ya protini darasani.

Ombi langu kwenu wachokoaji: maji yakipwa na mnashuka mwambani, bebeni chupa ya chai iliyojaa maji ya moto, muiache pwani pamoja na beseni dogo. Njia hiihii inamfaa aliyechomwa na samaki taa au ngogo. Na kandambili hazitoshi. Mwiba wa samaki jiwe hupenya soli laini. Vaeni viatu vya mpira vyenye soli nene, au katambuga kama hakuna kingine. Msiinue mguu na kuukita, uburuzeni, na mchokoo, ile fimbo ya kuchokolea pweza, utangulie kugusa kila mahali mnapotaka kukanyaga.

Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha pili, Lindi mjini. Samaki anawezaje kufanana na jiwe hadi chunusi zake?

Swali zuri sana, mwanangu, na jibu lake ni kazi ya vitu vingi kwa pamoja.

Anza na umbo. Jicho, liwe la samaki mdogo au la binadamu, hutafuta mstari wa nje wa kiumbe: hapa kichwa, hapa mgongo, hapa mkia. Samaki nge ameuvuruga mstari huo. Kwenye kidevu, juu ya macho na ubavuni ana vitambaa vya ngozi vinavyopeperuka kama mwani. Mabaka yake hayafuati mwili. Baka moja linaweza kuanzia shavuni likapita jichoni na kuishia kwenye pezi, hivyo jicho lenyewe linapotea. Ukimtazama unaona vipande vipande, na akili yako inaviunganisha na mwamba badala ya kuviunganisha na samaki.

Kisha kuna ngozi. Samaki jiwe hukaa bila kusogea muda mrefu kiasi kwamba mwani humwotea kweli. Hapo si kuigiza tena, amekuwa sehemu ya mwamba. Akitaka kujificha zaidi hupiga mapezi ya ubavuni kama koleo, akajifukia mchangani mpaka yakabaki macho na mdomo. Wapo ndugu zake wengine, kama yule mwembamba anayefanana na jani, ambao huvua tabaka la nje la ngozi kila baada ya muda, wakaondokana na mwani uliozidi na wadudu waliojishikiza. Huyo wa jani ana utundu mwingine ninaoupenda: mawimbi yakipita hujitikisa kulia na kushoto, kama jani linalosukwasukwa na maji.

Na kuna rangi, ambayo wengi hudhani haibadiliki. Mwaka 2023 watafiti walitoa matokeo ya kazi yao juu ya aina mbili za samaki nge wa Bahari ya Mediterania. Waliwaweka juu ya sakafu za rangi mbalimbali, na samaki wakabadilisha weupe, weusi na rangi ya miili yao kuifuata sakafu ndani ya dakika moja. Hao si samaki wetu wa hapa, lakini ni ukoo mmoja.

Usisahau kwa nini anajitaabisha hivyo. Anawinda. Hakimbizi, anangoja. Kidagaa au kamba akipita karibu na mdomo, samaki jiwe hufungua kinywa ghafla na maji huingia yakiwa na mlo wake. Kitendo chote huchukua kama sekunde 0.015. Jaribu kupepesa jicho. Yeye ameshameza na kufunga.

Mwalimu, nikiwatoa kwenye dema wengi ni wekundu kama pilipili. Samaki mwekundu hivyo anajifichaje? (Mvuvi, Mikindani)

Unamwona mwekundu kwa sababu umemtoa juani. Maji hunyonya mwanga, na mwanga mwekundu ndio wa kwanza kumezwa. Ukishuka mita chache umebaki kidogo sana. Pasipo mwanga mwekundu, kitu chekundu hakina cha kurudisha machoni, kwa hiyo huonekana cha kijivu au cheusi kama kivuli chini ya mwamba. Wapiga mbizi wa Msimbati wanaoshuka na tochi wanalijua hili: wakiwasha tu, pango lililokuwa jeusi linawaka wekundu.

Ni kweli huruka na kumfuata mtu, na akichoma hufa kama nyuki?

Hapana, yote mawili. Harushi miiba wala hamfuati mtu. Samaki jiwe ana miiba 13 mgongoni, na kila mmoja una vifuko viwili vya sumu pembeni. Ukimkanyaga, uzito wako ndio unaosukuma ngozi chini na kuvibana vifuko. Sumu hupanda kwenye mifereji ya mwiba hadi ndani ya mguu. Kadiri unavyokanyaga kwa nguvu ndivyo unavyojidunga zaidi. Baada ya hapo yeye hubaki palepale, mzima. Sumu hiyo haitumii kuwindia hata kidogo. Ni kinga dhidi ya wanaotaka kumla.

Ila jambo moja wazazi wawaambie watoto: akiachwa na maji kwenye kidimbwi cha mwambani, hafi upesi. Anaweza kudumu nje ya maji saa nyingi, hadi karibu siku nzima. Na hata aliyekufa, miiba yake bado ina sumu. Asichezewe.

Je, analiwa? Mume wangu humtupa kila akimpata. (Mama, Kilwa Masoko)

Analiwa, dada yangu, na nyama yake ni nyeupe, tamu, haina mifupa mingi. Sumu iko kwenye miiba, haiko kwenye nyama, na moto wa kupikia huiharibu. Hatari iko kwenye kumwandaa. Mshikeni kwa koleo au kitambaa kizito, mkate miiba yote kwa mkasi mgumu: ya mgongoni, mitatu iliyo karibu na mkundu, na ile ya mapezi ya tumboni. Mifukieni mbali na njia; msiitupe pwani wanapopita watoto.

Tafadhali usilichukue jibu hili ukalipeleka kwa bunju, yule samaki anayejivimbisha kama mpira. Sumu ya bunju iko ndani ya mwili wake, na hakuna jiko linaloiondoa, uchemshe asubuhi hadi jioni. Huyo mumeo aendelee kumtupa.

Mbona samaki simba hajifichi? Namwona waziwazi chini ya gati, anatembea taratibu kama bibi harusi.

Ametumia njia ya pili. Mwenye silaha anaweza kujificha, au anaweza kujitangaza ili asisumbuliwe. Michirizi yake na mapezi yaliyotanda vinasema: nimebeba sumu, nipishe. Lakini jioni, penye matumbawe yenye matawi, michirizi hiyohiyo hukata umbo lake na kumpoteza. Wapo wanaofanya yote mawili: kuna samaki nge mwenye nundu anayefanana na kifusi, ukimsumbua hufunua upande wa ndani wa mapezi ya ubavuni, na hapo hung'aa rangi ya chungwa na manjano. Anakuonya kabla hujaumia.

Kwetu samaki simba yuko nyumbani na idadi yake hainitishi. Upande wa pili wa dunia ni balaa. Alionekana Florida, Marekani, mwaka 1985, kisha akaenea Karibiani, ambako samaki wadogo hawamjui na hawamkimbii.

Tukiwaona tuwaue? Wanatutia hasara, mtu akichomwa halali wala hafanyi kazi wiki nzima.

Nimeisoma barua hii mara kadhaa, kwa sababu hasara unayoisema ni ya kweli. Mchokoaji asipoingia majini bamvua moja, jiko lake linalijua. Hata hivyo nakuomba usimuue. Ukiua mmoja kwenye mwamba wenye mashimo elfu hujapunguza hatari. Aliyekuchoma ni yule ambaye hukumwona, na huyo hutamwona kesho pia. Viatu na mchokoo vitakulinda zaidi ya mkuki.

Mwamba wetu umeumizwa na mambo makubwa kuliko samaki huyu. Joto la bahari la mwaka 1998 liliyaacha matumbawe meupe hadi Ghuba ya Mnazi. Baruti zimegeuza sehemu nyingine kuwa kifusi. Tumechimba matumbawe tukayachoma kupata chokaa ya kujengea. Mwaka 2000 ilipoanzishwa Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, ilikuwa ni kujaribu kukiokoa kilichobaki, na katika kilichobaki yumo na huyu. Penye kifusi kitupu samaki jiwe anaweza kuishi, lakini wale wa jani, wa vitambaa na wa mabaka mekundu wanahitaji mwani, sifongo na matumbawe yaliyo hai ili wapate cha kufanana nacho. Mwamba ukiwa mtupu, hawana pa kusimama wasionekane.

Swali la mwisho: nifanyeje nimwone kabla sijamkanyaga?

Usimtafute samaki, tafuta mdomo. Mdomo wa samaki jiwe umeelekea juu, umepinda kama mwezi mchanga uliogeuzwa, na jiwe halina mpinde kama huo. Ukishauona, panda kidogo utafute vidoto viwili vyeusi: hayo ni macho. Kisha tulia, uhesabu hadi ishirini, uangalie pembeni. Jiwe halipumui. Yeye, hata akijizuia vipi, kifuniko cha shavu kitanyanyuka kidogo na kurudi.

Jifunzeni hivyo mchana, maji yakiwa meupe na magotini, mkiwa wawili. Usiku wa kurunzi mtaona haraka zaidi.