Si woga peke yake

Ndugu yangu, unasema watu humkimbilia Mungu kwa woga tu. Woga upo, sikatai. Ila njoo Dodoma Januari, mvua imekata wiki ya tatu. Huku msimu ni mmoja, Desemba hadi Aprili basi, na mwaka mzima tunapata kama milimita 600 hivi. Bibi yangu Mgogo alikuwa anachuchumaa kwenye shamba la uwele, anafukua udongo kwa kidole aone kama mbegu imeota au imekauka, huku anamtaja Mulungu taratibu, kama anaongea na jirani. Hatetemeki. Kulima keshalima, kupanda keshapanda, kilichobaki hakiko mikononi mwake. Halafu Jumapili kanisani anakutana na wa kumkopesha debe la mtama. Hilo nalo usilidharau.