Saiti ya upinde: mbona nilitoka pini tano nikabaki na moja

Msimu wangu wa kwanza wa kuwinda kwa upinde hapa Minnesota, Marekani, nilimkosa kulungu jike aliyesimama yadi 18 tu kutoka kwenye mti wangu. Alikuwa amenipa ubavu wote, anaokota mbegu za mwaloni bila wasiwasi. Jua lilikuwa limezama dakika kama ishirini zilizopita. Sheria hapa inakuruhusu hadi nusu saa baada ya jua kuzama, kwa hiyo nilikuwa bado ndani ya muda. Nikavuta, nikaona nukta ya kijani kwenye saiti, kile kifaa cha kulengea, nikaiweka nyuma ya bega lake, nikaachia. Mshale ukapita juu ya mgongo ukajichomeka kwenye majani. Kulungu akaruka, akasimama hatua chache mbele, akanitazama, kisha akaondoka zake akitembea. Hilo la kutembea ndilo lililoniuma.

Nilikaa juu ya ulingo wangu mtini hadi giza nikiutazama upinde kama mshtakiwa. Saiti yangu ilikuwa na pini tano: kijani, nyekundu, njano, kijani, nyekundu. Ya kwanza ni ya kumlenga mnyama wa yadi 20, ya mwisho wa yadi 60. Umeshaona kosa? Kijani zilikuwa mbili. Kwenye mwanga ule hafifu, na moyo ukinidunda masikioni, nilishika kijani ya pili, ile ya yadi 50. Kwa upinde wangu pini hiyo, ukiitumia kwa mnyama wa yadi 20, inapeleka mshale juu kwa karibu futi nzima.

Nieleze neno kwanza, maana ukimwambia mtu wa Nairobi "saiti" atadhani unaenda mjengo. Ninachosema ni kile kifaa cha kulengea kinachofungwa kwa skrubu mbili ubavuni mwa upinde, juu ya mkono ulioushika. Ni duara la chuma lenye pini ndani, na kila pini ina nukta inayong'aa kwa uzi mwembamba wa plastiki unaokusanya mwanga wa mchana. Kwenye ugwe nako kuna kitundu kidogo cha kuchungulia. Jicho, kitundu, pini, mnyama: vyote vinne vikae mstari mmoja.

Dukani nilikuwa nimeshauriwa kwamba pini nyingi ni uhuru mwingi. Si uongo, ila ni ushauri wa mtu aliyesimama chini ya taa akilenga karatasi. Swali la kujiuliza kabla ya kutoa pesa ni hili: kulungu wako atakuwa umbali gani? Mimi nawinda kwenye msitu mzito, juu ya mti, kando ya njia ambayo wanyama wenyewe wameichonga. Wote niliowahi kuwapata walikuwa chini ya yadi 30. Pini ya 60 ilikuwa pambo tu.

Sasa niko na pini moja, na hapa ndipo watu huniuliza: "Akija yadi 15 je? Akija 30?" Nimeifunga kwenye yadi 25 na siigusi. Upinde wangu wa kapi unatupa mshale kwa kasi ya futi 270 hivi kwa sekunde. Kwa kasi hiyo, pini ikiwa kwenye 25, mshale unapiga juu kidogo kwa mnyama wa yadi 15 au 20, kama inchi mbili hivi, na kwa yule wa 30 unashuka kama inchi tatu. Mahali pa moyo na mapafu ya kulungu pana upana wa inchi nane hivi. Lenga katikati na kosa lote hilo linabaki ndani. Usiniamini mimi, lakini. Upinde wako si wangu. Weka shabaha kwenye 15, 20, 25 na 30, tupa mishale mitatu kila mahali ukitumia pini hiyo moja, uone mwenyewe inaangukia wapi.

Pini moja nyingi ni za kusogeza: zina gurudumu ubavuni unalolizungusha ili pini ishuke hadi umbali unaotaka. Nzuri sana uwanjani. Porini ni gurudumu la kusahau. Jamaa mmoja ninayewinda naye aliisogeza hadi 40 akimsubiri dume lililokuwa mbali, dume likaja hadi 15, na yeye akatupa bila kurudisha. Ukinunua ya kusogeza, jizoeze kuirudisha 25 kila unapoketi, kama unavyogusa mfuko kuhakikisha funguo ziko.

Anayewinda nyanda za wazi kule magharibi, ambako yadi 40 ni kawaida, asinisikilize. Huyo achukue pini tatu, pengine na gurudumu juu yake. Ila rangi zisijirudie, nakuomba.

Kuhusu mwanga, mimi ni mkali zaidi, kwa sababu kulungu hutembea alfajiri na magharibi, saa zilezile ambazo macho yanakuwa dhaifu. Wauzaji watakusifia pini nyembamba ya inchi .010 kwamba haimfuniki mnyama. Kweli haimfuniki, na jioni wewe pia huioni. Mimi natumia .019, karibu nusu milimita. Mwenye macho ya miaka hamsini kwenda juu ajaribu hata .029. Rangi iwe kijani: nyekundu ndiyo inayozimika mapema giza linapoingia, na hilo ni jicho la binadamu lilivyo, si kiwanda. Angalia pia urefu wa ule uzi wa plastiki. Ukiwa umezungushwa mara nyingi kwenye mwili wa saiti unakusanya mwanga zaidi kuliko kipande kifupi. Usiijaribu saiti chini ya taa za duka. Mwombe muuzaji utoke nayo nje jioni. Akikataa, nenda duka jingine.

Kitundu cha kwenye ugwe hakizungumzwi vya kutosha. Ukivuta, duara la saiti linatakiwa lijae ndani ya kitundu kama mfuniko ndani ya sufuria, na ukingo mwembamba wa mwanga ukizunguka pande zote. Kitundu kikiwa kikubwa kupita kiasi, duara linaelea na hujui kama umelenga sawa. Kikiwa kidogo, jioni unachungulia kisima. Nilibadilisha kitundu kwa dola chache na nikapata faida kuliko saiti ya kwanza nzima. Na saiti iwe na pimamaji chini yake, kile kiputo cha fundi seremala, maana juu ya mti upinde huinama bila wewe kujua.

Zile zenye leza zinazopima umbali zenyewe na kukuwashia nukta? Bei yake ni kubwa. Kuna majimbo yanayokataza vifaa vya umeme kwenye upinde, kwa hiyo soma kanuni za jimbo lako kabla ya kadi kupita. Mimi napima umbali wa miti mitatu minne mara tu ninapopanda, natia akilini, basi. Kwa ulingo wa futi 18, mteremko wa kulenga chini unabadilisha hesabu ya yadi 20 kwa kama yadi moja tu. Usilipie kompyuta kwa ajili ya yadi moja.

Babu yangu kule Kitui angecheka haya yote. Upinde wake ulining'inia juu ya kitanda na haukuwa na pini wala kitundu. Lakini babu alianza kuvuta upinde akiwa mtoto, nami nilianza nikiwa na miaka 41, nikiwa na kazi ya zamu za usiku. Uwindaji Kenya ulipigwa marufuku 1977, kwa hiyo hata angetaka kunifundisha, tungeishia kutupa mishale kwenye migomba.

Siku ya kufunga saiti mpya, anza yadi 10, kisha 20, ndipo 25. Tupa mitatu kabla ya kugusa skrubu. Kisha ifuate mishale: imekwenda juu, panda pini juu, imekwenda kushoto, peleka pini kushoto. Kichwa kitakuambia kinyume chake. Kaza kwa alenki, halafu chora mstari mwembamba wa rangi ya kucha kutoka kwenye skrubu hadi kwenye chuma, ili skrubu ikilegea garini uone mstari umekatika. Yangu ni ya waridi. Binti yangu bado anaulizia chupa yake.