Dirisha liwe mlango: umwite fundi gani?

Nataka dirisha la sebuleni liwe mlango wa kutokea uani. Nianze na seremala, fundi aluminiamu au mwashi?

Mwashi. Kazi kubwa hapa ni ya ukuta, mlango unakuja baadaye. Na usiagize mlango kabla ukuta haujakatwa, maana lipu peke yake hula sentimita moja na ushee kila upande. Mwashi amalize, ndipo fundi wa mlango aje apime mwenyewe, juu, kati na chini. Shata, yaani mlango wenyewe, likigoma kuingia, hakuna wa kumsingizia.

Wamekuja mafundi watatu, kila mmoja na bei yake. Nitamjuaje anayeijua kazi?

Tazama macho yake yanaelekea wapi. Anayetaja bei hata dirisha hajalisogelea, mshukuru na umsindikize. Mwenye kuijua kazi huanza kutazama juu ya dirisha: linta, yaani boriti inayobeba ukuta wa juu, ipo? Inaishia wapi? Ukuta huu umebeba paa au ghorofa? Atazunguka nje, atagongagonga chini ya dirisha, atauliza waya na mabomba yanapita wapi.

Kisha atakuuliza mlango unautaka upana gani, na hilo ndilo swali lenye pesa. Ukibaki na upana wa dirisha, linta iliyopo inaendelea kubeba mzigo wake kama zamani. Kinachoondoka ni ukuta wa chini tu, ambao haubebi kitu zaidi ya dirisha lenyewe. Kama dirisha lina sentimita 90 au zaidi, mimi ningeishia hapo. Ukitaka kupanua, linta ya zamani inakosa pa kukalia. Itabidi iwekwe ndefu zaidi, ikalie ukuta angalau sentimita 15 kila upande, na ukuta wa juu uwe umeshikiliwa kwa mirunda kabla tofali la kwanza halijatoka. Mwambie akueleze ataushikilia vipi. Akikujibu “usiwe na wasiwasi, ukuta huu mgumu”, tafuta mwingine. Na kama juu kuna ghorofa, mhandisi atangulie, fundi afuate.

Fundi anasema atamwaga linta Jumamosi, Jumatatu atoe mirunda. Ni sawa?

Si sawa hata kidogo. Zege la siku mbili ni gumu ukiligusa, lakini bado changa. Limwagiliwe maji wiki nzima, na mirunda ikae kama siku 14. Nguvu ya zege kwa kawaida hupimwa siku ya 28. Mwenye haraka atafute linta iliyokwisha kumwagwa na kukomaa, au ya chuma.

Mume wangu anasema nyundo inatosha, grenda ni kupoteza hela.

Shemeji anakosea. Nyundo ikitangulia, mtikisiko husambaa na nyufa hujitokeza hadi pasipoguswa. Mstari upigwe kwa timazi, ukatwe kwa grenda yenye diski ya almasi, ndani na nje, kwa sababu diski kwa kawaida haipenyi unene wote wa ukuta. Hapo ndipo nyundo itoe yaliyobaki katikati. Ila vumbi lake ni balaa: toeni makochi, zibeni milango ya vyumba, na kila aliyepo avae barakoa, maana vumbi hilo huumiza mapafu.

Chini ya dirisha kuna soketi. Mwashi anasema ataihamisha yeye.

Asiiguse. Mwite fundi umeme, siku moja kabla.

Jirani alibadili dirisha kuwa mlango, sasa kila mvua ikinyesha maji yanaingia ndani. Nifanyeje yasinikute?

Ukuta wa chini ya dirisha ulikuwa unazuia maji, na huenda tabaka la kuzuia unyevu limo humohumo. Ukiukata, tabaka hilo liunganishwe upya chini ya kizingiti. Kizingiti kiinamie nje, na uwanja wa nje uwe chini ya sakafu kwa sentimita 15 hivi. Kabla ya kumlipa fundi salio, mwaga ndoo ya maji mlangoni kwa nje, mtazame wote wawili yanaelekea wapi.

Nyumba ni ya kupanga. Ruhusa ya mdomo inatosha?

Haitoshi. Iwe kwa maandishi, iseme pia ukihama mlango utabaki au dirisha litarudi. Na muulize mwenye nyumba kama kibali cha ujenzi kinahitajika.

Nilipe vipi, na kifusi ni cha nani?

Lipa kwa hatua: ukuta ukishakatwa, lipu ikishapigwa, na fungu la mwisho mlango ukishafunga bila kukwaruza sakafu. Kifusi kiandikwe kwenye makubaliano, la sivyo kitabaki uani kwako. Dirisha la zamani na nondo zake ni mali yako. Liseme hilo mapema, kwa sababu mafundi wengi huhesabu kuwa wamepewa.